UZI: Siku moja kwenye mashamba ya mvinyo ya Stellenbosch na Franschhoek, kwa anayetoka Nairobi

MzabibuMtaani (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, tangu Wakenya waruhusiwe kuingia Afrika Kusini bila viza, Januari 2023, maswali ya mashamba ya mvinyo ya Cape, upande wa Cape Town, hayaishi humu na majibu yametapakaa. Hapa yakae pamoja. Naanza na siku yenyewe. Ya mizigo na ushuru nawaachia wenye fani zao.

Mashamba matatu kwa siku, tena ya upande mmoja. Hilo likivunjwa, mengine yote yanaharibika. Watu huorodhesha sita kwa kuwa ramani inaonyesha yako kilomita tano tano. Ramani haisemi kwamba kuonja ni saa nzima ukiwa na haraka, na saa moja na nusu ukitaka kuzungumza na anayekumiminia. Halafu piga hesabu ya kileo. Kipimo cha kuonja ni kama mililita 30, na mara nyingi unaletewa aina tano. Mashamba matano ni vipimo 25, yaani mililita 750: chupa nzima, peke yako, kabla jua halijatua. Mvinyo mwekundu wa kule hufika asilimia 14 ya kileo bila shida. Kufikia shamba la nne ulimi umekufa ganzi na pua haibagui kitu, ila bei unalipa ile ile.

Upande unaomfaa mgeni ni miteremko ya mlima Simonsberg, kaskazini mwa mji wa Stellenbosch, kando ya barabara ya R44. Saa nne asubuhi anzia Simonsig, ulimi ukiwa bado safi, maana pale cha kuonja kwanza ni mvinyo wa povu. Kaapse Vonkel yao ya mwaka 1971 ndiyo iliyotangulia Afrika Kusini kuchachushwa mara ya pili ndani ya chupa, kama wanavyofanya Champagne, Ufaransa. Saa sita panda Delheim, onja, kisha ule hapo hapo. Saa tisa malizia Kanonkop kwa Pinotage, mwekundu wa kule kule. Mpangilio huo una sababu: mwepesi hutangulia, mzito hufuata. Ukigeuza, ukakasi wa mwekundu utabaki kinywani na mweupe unaofuata utaonekana maji matupu.

Weka nafasi kwa barua pepe wiki moja kabla, utaje idadi ya watu na saa ya kufika. Siku nzuri ni Jumanne hadi Alhamisi. Jumamosi kunajaa na baadhi hufunga mapema, Jumapili wengine hawafungui kabisa. Na ukiona wanafunga saa kumi na moja, usifike saa kumi na nusu ukitarajia seti kamili ya kuonja.

Mama Karani

Karatasi kwanza, kabla ya povu. Pasipoti iwe na angalau siku 30 za uhai baada ya tarehe ya kuondoka kule, na kurasa mbili tupu. Siku 90 mnazopewa ni jumla ya mwaka mzima wa kalenda, hazianzi upya kila safari.

Kadi ya njano ndiyo inayowakwamisha watu kaunta ya ndege. Kenya iko kwenye orodha ya nchi za homa ya manjano, na cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Kuchanjwa Jumatatu na kupaa Ijumaa ni kujitafutia kurudishwa. Wenye vyeti vya zamani vilivyoandikwa miaka kumi, tulieni: tangu Julai 2016 chanjo hiyo inatambuliwa kwa maisha yote, hakuna haja ya kudungwa tena.

Saa ya kule iko nyuma yetu kwa saa moja. Badilisheni saa za mkononi. Nafasi ya saa nne ni saa nne ya kwao.

KondaWaJogooRoad

Tuko sita. Gari la kukodi, teksi ya simu, au ile tramu ya Franschhoek inayosifiwa?

Dereva Mpole

@KondaWaJogooRoad, sita chukueni gari la viti saba pamoja na dereva wa kutwa. Sababu ni hii.

Hapa kwetu alkoblo, kile kipima pumzi cha polisi, hukushika ukipita mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi. Kule ni 24. Kwa damu, kwetu ni gramu 0.08 katika mililita 100, kwao 0.05, na dereva wa kulipwa 0.02. Anayejipimia kwa mazoea ya Thika Road atakuwa ameshavuka. Seti mbili zilizomezwa zote zinatosha kumweka mtu wa kawaida pale pale mpakani, na shamba la tatu bado. Kwa hiyo anayeendesha ama hanywi, ama anatema kila kipimo bila aibu.

Maswali ya kumwuliza dereva kabla ya kutuma amana: saa zake zinaanza kuhesabiwa akitoka kwake au akiwafikia? Kilomita ngapi zimo kwenye bei? Ana kibali cha kubeba abiria kwa malipo na bima yao? Chakula chake nani analipa? Hilo la mwisho ni dogo, lakini ndilo linalozua kununa mezani.

Teksi ya simu itakufikisha shambani vizuri tu. Kurudi ndiyo kazi. Jioni madereva hawapendi kupanda mlimani kufuata safari fupi, na mabonde mengine mtandao haushiki. Ukiitegemea, kaa na mashamba yaliyo kando ya mji wa Stellenbosch.

Gari la kukodi: mnaendesha kushoto kama hapa, na leseni yetu ya kadi yenye picha na maandishi ya Kiingereza inakubalika. Kinachowaumiza watu ni amana. Kampuni nyingi hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe. Kadi ya kawaida ya benki hukataliwa kaunta na gari linabaki. Mwendo ni 60 mjini, 100 barabara za mashambani, 120 barabara kuu, isipokuwa kibao kiseme vinginevyo. Kamera zipo. Giza likiingia, baki kwenye barabara kuu. Ramani ya simu ikikuonyesha mkato wa dakika nne kupitia mitaa iliyo karibu na uwanja wa ndege wa Cape Town, ipuuze.

Tramu. Franschhoek Wine Tram ilianza 2012, na kwa watu wawili au watatu ni nzuri kweli. Ila elewa unachonunua. Si reli safari nzima, sehemu kubwa ni basi. Kila mstari una mashamba yake, na tiketi ya mstari mmoja haikuruhusu kurukia mwingine. Gari hupita takriban kila saa. Ukilikosa kwa dakika mbili umekaa saa nzima unatazama mizabibu. Na tiketi ni ya usafiri tu. Kuonja na chakula unalipa shamba kwa shamba. Malalamiko mengi kuhusu tramu yanatoka kwa watu ambao hawakusoma sentensi hiyo moja.

Mwenye kulala Cape Town na asiye na siku nzima asihangaike kwenda mbali. Groot Constantia, shamba la tangu 1685, liko ndani ya jiji, na basi jekundu la watalii linafika.

Askari wa Bajeti

Nyongeza ya pesa. Rand moja hucheza kati ya shilingi 7 na 8. M-Pesa isahau, kadi inapita karibu kila mahali. Beba noti ndogo na sarafu kwa ajili ya walinzi wa magari wenye vizibao vya kung'aa: rand 5 hadi 10 ukiondoka, si ukifika. Mhudumu wa chakula, asilimia 10 hadi 15. Kuna mashamba yanayofuta ada ya kuonja ukinunua chupa, lakini si yote, kwa hiyo uliza kabla ya kukaa. Ukiuliza bili ikiwa mezani inaonekana unabishana.

Bint Kariokor

Watu huandika "tulikutana na wenyeji" kumbe mwenyeji pekee waliyeongea naye ni aliyewaletea bili. Wenyeji wako wapi hasa?

Mwalimu Mstaafu

@Bint Kariokor, wako kule kule, ila ratiba nyingi zinawapita kwa gari.

Anza na historia, maana bila hiyo utauliza maswali ya ajabu. Mvinyo wa kwanza wa Cape ulikamuliwa tarehe 2 Februari 1659, enzi za Jan van Riebeeck na kampuni ya Waholanzi. Stellenbosch ilianzishwa 1679, Wahuguenoti, yaani Waprotestanti kutoka Ufaransa, wakaja 1688 na wengi wakapewa ardhi Franschhoek. Hayo utayasikia kila shamba. Usiyoyasikia kila shamba ni kwamba mizabibu hiyo ilipandwa na watumwa, waliotolewa Indonesia, India, Madagascar na Msumbiji. Ndiyo, pwani yetu hii hii ya mashariki, kusini kidogo. Utumwa ulifutwa 1834, lakini waliofunguliwa wakafungwa tena na miaka minne ya "uanagenzi" hadi 1838.

Kisha ukaja mtindo wa kuwalipa vibarua sehemu ya ujira kwa mvinyo, vikombe kadhaa kwa siku kuanzia alfajiri. Ulipigwa marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1960 lakini uliendelea chini kwa chini miaka mingi, na madhara yake, hasa kwa watoto waliozaliwa na athari za pombe, bado yapo katika familia za mashambani. Ndiyo maana kumng'ang'aniza mfanyakazi wa shamba "kunywa na sisi moja" si ukarimu kule. Usifanye. Ukitaka kumshukuru, mpe bakshishi mkononi na umtaje jina kwa meneja.

Sasa pa kwenda. Kutoka Stellenbosch ukielekea Franschhoek kwa R310, unapanda Helshoogte na kushuka hadi kijiji cha Pniel. Ni misheni iliyoanzishwa 1843 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, na vizazi vyao ndio wanaoishi pale. Kwa magari ya watalii ni dakika tatu za dirishani. Simama. Tembea kuanzia kanisani. Kipe kijiji saa moja, na kama siku ni finyu, toa saa hiyo kwenye shamba la tatu.

Wengi mtakaozungumza nao Pniel lugha yao ya nyumbani ni Kiafrikaans. Msidhani ni ya Wazungu peke yao. Hapo utaonekana hujui uliko. Asubuhi anza na "goeie môre". Vibarua wengi wengine ni Waxhosa: "molo" kwa mmoja, "molweni" kwa wengi, na "enkosi" ya kushukuru. Kiingereza kinatosha kwa yaliyobaki. Na tafadhali, neno "chotara" liacheni uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta (JKIA), hata mkidhani hakuna anayeelewa.

Kayamandi, mtaa wa watu weusi ukingoni mwa Stellenbosch: nenda na mwongozaji anayeishi pale. Ofisi ya wageni mjini Stellenbosch itakuelekeza. Mwambie mapema unataka chakula cha mchana nyumbani kwa mtu, si mzunguko wa kupiga picha. Watoto usiwapige picha bila ruhusa ya mzazi. Hivi mtu wa Kawangware angependa basi la wageni lisimame mlangoni na kamera kumi? Basi.

Mwisho, nunua kwa wenye hadithi nyingine. Klein Goederust, Franschhoek, ni ya Paul Siguqa, aliyekulia mashambani ambako mama yake alikuwa kibarua. Alilinunua shamba lililochakaa na kulifungua 2021. Aslina ni lebo ya Ntsiki Biyela, mwanamke mweusi wa kwanza Afrika Kusini kuwa mtengenezaji mkuu wa mvinyo, mwaka 2004. Pale kwa Siguqa uliza kuhusu udongo na kuhusu ununuzi wa shamba. Wanajibu kwa kirefu.

Swali moja la kumwuliza mwenyeji yeyote wa bonde likazaa mazungumzo: "Mwaka huu zabibu ziliingia mapema au zilichelewa?" Anayefanya kazi shambani hatakujibu kwa neno moja.

Wambo_K

Julai inafaa? Ndiyo likizo pekee.

MzabibuMtaani

@Wambo_K, inafaa ukijua unachokosa. Julai ni baridi na mvua, mizabibu ni vijiti vitupu. Faida: nafasi tele, moto unawaka vyumba vya kuonjea, na mtengenezaji mwenyewe ana muda. Beba koti la mvua, jaketi la Limuru halitatosha mvua ya siku mbili. Juni hadi Agosti utaona watu wakipogoa, na hiyo ni kazi ya kuvutia kuitazama.

Mavuno ni mwisho wa Januari hadi Machi, wakati mwingine yanagusa Aprili. Zabibu nyeupe huchumwa usiku au alfajiri ili ziingie kiwandani zikiwa baridi, kwa hiyo anayefika saa nne akitarajia kuona uchumaji mara nyingi atakuta trekta tupu. Ukiruhusiwa kuingia ghalani wakati huo, usiinamie tangi linalochachuka ili unuse. Juu yake kuna kaboni dayoksaidi nzito isiyo na harufu, na imeshaua wafanyakazi wazoefu sehemu nyingi duniani. Simama mbali, nusa kilicho kwenye glasi.

Abdi wa Pangani

Na wasiokunywa kabisa?

Askari wa Bajeti

Mashamba mengi yana seti ya maji ya zabibu kwa madereva na watoto, andika kwenye barua pepe ya nafasi. Fairview, upande wa Paarl, wana jibini yao wenyewe na mbuzi wanaopanda mnara. Kuhusu nyama, uliza halali mapema. Cape Town ina Waislamu wengi, lakini mashambani usichukulie hivyo.

Fundi wa Pipa

Naona hakuna aliyeeleza kuonja kwenyewe. Shika glasi kwenye shina. Itazame juu ya karatasi nyeupe, nusa kabla ya kuizungusha, zungusha, nusa tena. Chukua funda dogo, lizungushe kinywani sekunde tano hadi kumi, vuta hewa kidogo, tema kwenye ndoo. Ndoo iko pale kwa kazi hiyo, hata wenye shamba wanaitumia. Mate yakijaa pembeni mwa ulimi, huo ni uchachu. Ufizi ukikauka, huo ni ukakasi wa maganda na mbao. Koo likipata joto, ni kileo. Vitatu hivyo tu ukivitenganisha, umeshapita wengi. Asubuhi hiyo usijipake manukato. Utawaharibia meza nzima.

Pinotage isikutishe. Profesa Abraham Perold aliichanganya 1925 pale Stellenbosch, akichavushanisha Pinot Noir na Cinsaut, na chupa ya kwanza yenye jina hilo ilikuwa ya mavuno ya 1959. Sifa mbaya ya kunuka ndizi au rangi ya kucha hutokana zaidi na uchachushaji, joto likiachwa lipande ovyo, si zabibu yenyewe. Kanonkop bado wanachachusha kwenye matangi ya saruji yaliyo wazi na kusukuma maganda chini kwa mkono. Ukikutana na nyingine inayonuka kahawa iliyokaangwa, hiyo ni kazi ya mbao zilizochomwa sana. Kuna wanaoipenda. Kwangu ni kahawa ghali isiyo na maziwa.

Msiipite Chenin Blanc, zabibu nyeupe. Ndiyo iliyopandwa kwa wingi kuliko zote Afrika Kusini, na ile ya mizabibu mizee isiyofungwa kwenye waya ina uzito ambao hamwezi kuupata kwa bei hiyo Ufaransa.

KondaWaJogooRoad

Kwani Naivasha kuna ubaya gani? Leleshwa si mvinyo?

Fundi wa Pipa

Hakuna ubaya, na nenda Jumamosi hii. Tofauti ni hali ya nchi. Karibu na ikweta hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mkulima anaulaza kwa kupogoa na kuupimia maji, akikosea unachipua na kuzaa ovyo. Cape majira ya baridi yanafanya kazi hiyo bure, na kiangazi upepo wa bahari unapoza zabibu mchana. Dodoma nao wanahangaika na shida ile ile kama Naivasha. Ukiona bonde moja utaelewa zaidi jingine.

Wambo_K

Chupa ngapi mtu anaweza kurudi nazo JKIA bila kulipa?

Mama Karani

Kanuni za forodha za Afrika Mashariki zinamruhusu msafiri wa miaka 18 na zaidi lita 2 za mvinyo bila ushuru. Chupa mbili za mililita 750 ni lita 1.5, uko salama. Ya tatu inakufikisha 2.25, umezidi. Kila mtu mzima ana hesabu yake, lakini chupa ziwe kwenye begi lake. Kumi na mbili kwenye begi moja na kusema "ni za sisi sita" ni kujitafutia maelezo marefu. Zinazozidi zitangaze mwenyewe na ubaki na risiti, maana ushuru hupigwa kwenye thamani na bila risiti watakukadiria wao.

Chupa iliyojaa ina uzito wa kilo 1.2 hadi 1.6, zile za povu ndizo nzito zaidi. Begi kubwa tu, kwani begi la mkononi halivuki na kioevu cha zaidi ya mililita 100. Vingirisha kila moja ndani ya jinzi au sweta, weka katikati ya begi, shingo zisigusane, na zisikae karibu na magurudumu. Mifuko ya plastiki ya dukani iacheni huko huko. Marufuku yetu ya 2017 inawahusu na wasafiri.

Kodi yao ya ongezeko la thamani (VAT), asilimia 15, inarudishwa kama jumla ya unachotoka nacho inazidi rand 250. Risiti iwe imeandikwa Tax Invoice, na ikizidi rand 5,000 iwe na jina na anwani yako. Chupa zikaguliwe uwanjani kabla ya kukabidhi mizigo. Ukishakabidhi, hakuna cha kukagua na hakuna pesa. Uliyoinywa kule haihesabiwi.

Dereva Mpole

Na msiache chupa kwenye buti mchana wa Februari mkienda kula. Ndani ya gari joto linapita 40, mvinyo unatanuka, kizibo kinasukumwa juu na hewa inaingia. Kwa nje utaona unyevu kwenye shingo, tena umelipia. Beba kasha la kupozea, au wambieni shamba la mwisho wawawekee mpaka saa ya kuondoka.

Askari wa Bajeti

Kabla hujalipa chupa, tafuta jina lake kwenye rafu za supermaketi za Nairobi. Lebo kubwa kubwa zimejaa Westlands. Nafasi mbili za bure zitumie kwa vitu ambavyo havivuki Limpopo.

Wambo_K

Sawa. Nimeandika: Simonsig, Pniel, Klein Goederust. Dereva wa kutwa, Jumatano.

Mwalimu Mstaafu

Hapo sawa, dada. Toka Simonsig saa tano na nusu, si zaidi. Kilomita 30 na zaidi zile zina kona, na foleni ya Jumatano Stellenbosch mchana ipo.